Mume Aliyeibwa Kwenye DVD

Bibi alisema ameibiwa mume, na alilisema hilo kwa sauti ya kusikika wodi nzima, ingawa mume mwenyewe alikuwa amezikwa miaka mingi iliyopita na kaburi lake halijaguswa na mtu.

"Na aliyemwiba yupo hapo nje," aliongeza, akinyoosha kidole mlangoni. "Kavaa ovaroli."

Sajini alivuta kiti akakaa. Alikuwa mwanamke mpana, mstaafu wa idara ya upelelezi, ambaye siku hizi alifanya kazi za watu binafsi kwenye chumba kimoja juu ya duka la vyombo. Kesi za wanawake walioibiwa waume alizifahamu vizuri sana. Waume wa kesi hizo kwa kawaida huwa hai, tena huwa wameondoka kwa miguu yao wenyewe.

Alimwomba Bibi aanze mwanzo, na Bibi akaanza mwanzo. Alikuwa ameteleza bafuni na nyonga ya kulia ikavunjika. Upasuaji ulikuwa alasiri hiyo hiyo. Daktari alisema nafasi ikipotea, nyingine itapatikana wiki ijayo, na mfupa kama ule haufai kukalishwa. Bibi alikuwa amegoma kusaini. Hakuwa na ugomvi na daktari wala na kisu chake, ila alitaka kwanza amwone mumewe. Mumewe alikuwa kwenye DVD ya harusi ya binti yao. Baba wa bibi harusi aliitwa kutoa hotuba, akaitazama karatasi yake, akaikunja akaitia mfukoni, akaomba muziki, akamshika mkewe mkono. Walicheza mpaka ukumbi mzima ukasimama.

"Mguu huu ndio uliocheza," Bibi alisema, akiupapasa juu ya shuka. "Wakitaka kuupasua, waupasue. Lakini naogopa, mwanangu. Na nikiogopa huwa namtazama yule."

Wodini hapakuwa na televisheni wala deki. Kwa hiyo mkwe wake alijitolea kuipeleka DVD kwa fundi ili igeuzwe na kuwekwa kwenye kishikwambi kidogo cha wajukuu, ambacho Bibi angeweza kukishika akiwa amelala. Kishikwambi kilirudi jana. Harusi ilikuwemo, keki ilikuwemo, ngoma ya mumewe haikuwemo.

"Na waliobaki humo wanatembea kama wanaruka madimbwi," alisema mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa ameitazama harusi yote bila kualikwa.

Sajini alivaa spika za masikioni akaanza kazi. Kweli picha iliganda, ikaruka, ikaganda tena. Mkono wa mtu ukipunga, kingo zake zilitoa mistari iliyopangana kama meno ya kitana. Mshereheshaji alisimama akamwita baba wa bibi harusi, na papo hapo watu wakawa wanaaga mlangoni. Sajini alirudisha nyuma, akatazama tena, kisha akafumba macho na kusikiliza tu. Muziki uliokuwa ukipigwa kabla ya pale uliendelea baada ya pale, wimbo ule ule, bila kukatika hata kidogo.

Alivua spika akauliza kama kuna kingine kilichopungua.

"Mimi mwenyewe nimepungua," Bibi alisema. "Dada zangu hawamo. Nimelala hapa natazama wakwe wanakula. Mama yake huyo mwenye ovaroli kaonekana mpaka meno yake nimeyajua yote."

Mwenye ovaroli alikuwa fundi bomba, na kwenye korido alikuwa amesimama kama mtu anayesubiri hukumu. Kando yake alikuwepo mkewe, binti wa Bibi, fundi cherehani mwenye tepu shingoni hata hospitalini. Ndiye aliyemwita Sajini, kwa sababu alikuwa amechoka kuwa katikati ya mama na mume. Alieleza kwa nini mama alimshuku mumewe. Siku ya harusi, katikati ya ile ngoma, kiatu cha baba kilichomoka mguuni, kikaruka, kikapiga ghorofa ya juu ya keki, kikaishia chini ya meza. Ukumbi ulicheka hadi machozi. Mama wa bwana harusi, aliyekuwa ameoka ile keki kwa mikono yake, hakucheka siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Tangu hapo jina la marehemu halikutajwa mbele yake.

Sababu ya kutenda kosa ilikuwepo basi. Sajini alimgeukia mkwe, akamuuliza kama DVD aliitoa nyumbani akaipeleka kwa fundi moja kwa moja.

"Moja kwa moja," mkwe alijibu, akiangalia mtungi wa kuzimia moto.

Jasho lilikuwa limemtoka puani, na korido ilikuwa na baridi. Sajini alikichukua kishikwambi, akauliza kibanda cha fundi kiko wapi, akashuka ngazi.

Fundi huyo watu walimwita Chaji. Alikuwa mtu wa miraba minne mwenye sauti ya upole, na kibanda chake kilijaa simu zilizofunguliwa matumbo. Sajini alikiweka kishikwambi mezani akamwambia kuna mtu ameibwa humu ndani. Chaji alikitazama kwa mashaka.

"Afande, mimi sikati filamu ya mtu. Nageuza tu."

"Thibitisha."

Alithibitisha. DVD ya harusi ilikuwa bado kwake. Aliiingiza kwenye kompyuta, akamwonyesha urefu wake, kisha akamwonyesha urefu wa faili alilotengeneza. Zililingana hadi sekunde ya mwisho. Kilichoingia ndicho kilichotoka. Kwenye DVD yenyewe, pale mshereheshaji alipomwita baba wa bibi harusi, watu walikuwa wanaaga mlangoni vile vile, na muziki ulipita juu yao bila kovu.

Sajini aliuliza kuhusu kule kuganda. Hapo Chaji alijikuna kisogo. Alisema alilitoa faili zito, karibu kama lilivyokuwa kwenye DVD, ili ubora usipotee. Kisha alilijaribu na likaenda kama maji.

"Ulilijaribu wapi?"

"Kwenye simu yangu."

"Umeinunua lini?"

"Mwaka huu."

"Na hiki cha Bibi kina umri gani?"

Chaji alitazama dari. Kishikwambi kilikuwa na plasta kwenye kona na kilimaliza utoto wa wajukuu watatu. Kukitwika mzigo ule kulikuwa ni kukionea tu, na Chaji alikiri hivyo kwa unyenyekevu. Kesi ya madimbwi ikafungwa.

Ilibaki kesi ya mume. Sajini alisema kwa sauti kile alichokuwa nacho, kama alivyozoea kufanya zamani mbele ya vijana wa idara. Mtu akikata filamu kwa haraka, sauti hukatika pamoja na picha. Hapa sauti haikukatika. Kwa hiyo aliyekata alikaa mezani, akapanga, akautandaza muziki juu ya mshono. Hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye muda, si ya fundi bomba mwenye hasira.

Kisha aliichomoa DVD akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Uso wake ulikuwa safi, unang'aa, hauna hata mkwaruzo mmoja.

"Chaji, nyumba yenye wajukuu watatu. DVD inachezwa kila likizo. Inakuwaje?"

"Inakuwa kama sakafu ya gereji, Afande."

"Basi hii haikutoka kwenye nyumba hiyo."

Alipiga simu hospitalini, na mkwe akafika na gari lake lililosheheni mabomba. Aliiona DVD imewekwa peke yake katikati ya meza, na hapo hapo akatafuta pa kukaa. Akapewa ndoo.

"Moja kwa moja?" Sajini aliuliza.

Mkwe alifunua yote. Alipoitoa DVD ya nyumbani kwenye kava lake aliikuta imejaa alama za vidole na mabaki ya jemu. Alitaka impendeze mama mkwe. Aliiosha kwa sabuni, jemu ikakataa kutoka, na yeye akafanya kama anavyofanya siku zote kitu kikikataa kutoka: akaisugua kwa waya wa kusugulia masufuria. Ilitoka jemu na ikatoka harusi. Kwa hofu alikimbilia kwa mama yake mzazi, akaazima DVD yake, akaipeleka hiyo, akajikaza kisabuni.

"Harusi ni ile ile, Sajini," alisema kwa huzuni. "Mke ni yule yule. Mimi ni yule yule. Ningejuaje?"

Chaji aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Sajini mwenyewe ilimbidi akohoe. Alimuuliza mkwe nani alipiga video ya harusi yao, na kama bado yu hai. Alikuwa hai, tena hakukaa mbali. Walimwita Taa, kwa sababu ya ile taa kali aliyokuwa akiwamulika nayo wageni mpaka wakashindwa kula.

Taa alikuwa ameacha video na sasa alilima mboga nyuma ya nyumba yake. Walimkuta ameinama kwenye tuta la nyanya. Juu ya matuta, kwenye kamba zilizovutwa kutoka mti hadi mti, zilining'inia DVD nyingi zikizunguka juani na kutisha ndege. Mkwe alizitazama, akamshika Sajini mkono bila kujua.

"Usiniambie," alisema.

"Hizo ni zile zilizokataa kurekodi," Taa alimtuliza. "Harusi za watu zimo kabatini. Mimi si mshenzi."

Sajini alimwonyesha DVD iliyokuwa safi, na Taa akaitambua kwa mwandiko wake mwenyewe. Aliulizwa kama kuna nyingine tofauti. Aliwatazama mmoja mmoja, akapangusa mikono kwenye suruali, akacheka kama mtu aliyesubiri miaka mingi kukamatwa. Alieleza kwamba enzi zile kila harusi ilimletea ugomvi. Ukoo mmoja ungekuja kulalamika kwamba shangazi yao hakuonekana, na ukoo wa pili ungekuja kwamba shangazi wa wale ameonekana mno. Kwa hiyo akaanza kutengeneza filamu mbili kwa kila harusi. Upande wa mwanamke walipewa yao, wamejaa wao. Upande wa mwanamume walipewa yao, wamejaa wao. Hakumwambia mtu. Kila nyumba ilitazama ya kwake, ikajiona, ikaridhika, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuomba ya jirani.

"Na ngoma ya mzee?" Sajini aliuliza.

"Mama wa bwana harusi aliniomba kiatu kisiwemo kwenye yake. Na kiatu hakitoki bila ngoma nayo kutoka. Nikavitoa vyote, nikapitisha muziki juu."

Mkwe alifunika uso kwa kofia. Taa aliingia ndani, wakasikia makabati yakifunguliwa, na akarudi na DVD kwenye kava lililopauka, ile ya upande wa mwanamke. Kabla ya kuikabidhi aliishikilia kidogo.

"Mkiitazama, itazameni polepole," alisema. "Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama polepole, ndiyo maana nimeona mengi."

Sajini alimuuliza mengi gani. Taa alisema si yake kuyasema, akarudi kwenye nyanya zake.

Kwenye kibanda, Chaji alikuwa ameshajipanga. Simu ya binti ilikuwa imewatangulia: daktari amepita, wauguzi wanaandaa kitanda cha magurudumu, na mama amefunga mdomo hataki kusikia. Chaji alisema hawana muda wa kugeuza harusi yote, atachukua ngoma tu. Aliipunguza picha ilingane na kioo cha kishikwambi, kwa kuwa hakuna faida ya kubeba picha pana kuliko kioo chenyewe. Aliyaondoa yale meno ya kitana. Idadi ya picha kwa kila sekunde aliiacha kama ilivyokuwa kwenye DVD, akisema ukiilazimisha mashine kuongeza picha zisizokuwepo, mwendo huanza kudunda. Safari hii alijaribu kwenye kishikwambi chenyewe, mbele ya mashahidi wawili.

Ilianza vizuri. Mshereheshaji aliita, mzee akasimama, karatasi ikaingia mfukoni. Muziki ulipokolea na ukumbi mzima ukainua mikono, picha ikaganda.

Mkwe alitoa sauti ya mtu aliyejigonga kidole. Chaji hakutetereka. Alisema palipo na mambo mengi yanayocheza kwa pamoja ndipo kimashine kinapochoka, na akapunguza mzigo hapo zaidi. Kompyuta ikanguruma tena huku mkwe akiwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Jaribio la pili lilipita kwenye mikono yote ile bila kujikwaa. Chaji alikichomoa kishikwambi akamkabidhi Sajini kwa mikono miwili, na alikuwa anatabasamu kama yeye ndiye aliyeoa.

Kitanda cha magurudumu kilikuwa tayari kando ya kitanda cha Bibi walipoingia, na muuguzi wake alikuwa amekunja mikono. Sajini alimwinulia Bibi mto, akamwekea kishikwambi kifuani, akabonyeza.

Mzee alisimama. Aliitazama karatasi yake kwa dharau, akaikunja, akamnyooshea mkewe mkono, na Bibi wa miaka ile akaja akijifanya hataki. Walicheza. Hakuna kilichoganda. Mabega ya mzee yalikwenda na ngoma, gauni la Bibi lilizunguka likarudi, na mikono ya ukumbi mzima ilipanda nyuma yao bila mstari hata mmoja. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameshateremka na dripu yake kuja kuona vizuri. Kitu fulani kikapita hewani, ghorofa ya keki ikaanguka, ukumbi ukapiga kelele, na mzee akawa anaruka na soksi moja, mkono juu, akikiri kosa kwa kicheko. Bibi alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka, na hakujisumbua kuyafuta.

Kisha aliweka kidole juu ya kioo na picha ikasimama. Akaivuta nyuma kidogo.

"Wewe si mpelelezi?" alimwambia Sajini. "Niambie hicho ni kiatu cha nani."

Sajini aliinama. Kiatu kilikuwa kimesimama hewani juu ya keki. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya dhahabu, chenye kisigino kirefu.

Binti alikuja karibu, akatazama, akamtazama mama yake. Nyumbani, alisema taratibu, rimoti ya deki ilipotea zamani. Filamu ikianza huenda mpaka mwisho, na siku zote wote huwa wanamtazama baba.

"Ndivyo alivyotaka, mmtazame yeye," Bibi alisema. Aliisogeza picha kwa kidole, kidogo kidogo. Nyuma ya kitambaa cha meza, kona ya chini, mzee aliinama, akavua kiatu chake mwenyewe, akakisukuma chini ya meza, akainuka na soksi moja. "Mama yako alikuwa anakuja kama mvua, mkwe wangu. Mimi nimesimama hapo na kiatu kimoja tu. Yeye hakuniuliza wala hakunikonyeza. Akavua. Akabeba lawama ile mpaka anazikwa, na mimi nikamwacha aibebe, maana alisema inampendeza. Nilitaka nimwone akivua. Nilipoona hayumo nikajua kuna mtu kaniibia hicho, si ngoma."

Mkwe alikuwa amekaa chini sakafuni bila kuhisi.

"Baba," Bibi alimwambia, na sauti yake ilikuwa imelainika, "nimekuita mwizi mbele ya watu. Nisamehe."

"Mama, na mimi DVD yako nimeisugua kwa waya wa masufuria."

Bibi akaanza kucheka upya, nyonga ikamuuma, akacheka hivyo hivyo akiishikilia. Binti alicheka kwenye tepu yake. Hata muuguzi alifungua mikono. Bibi alipopata pumzi alimwambia mkwe ampigie mama yake simu, amwambie kwamba Bibi akitoka kwenye upasuaji anataka wakutane, wawili tu, ana neno la kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha akaomba kalamu, akasaini, akawaambia wasukume.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji daktari aliwasimamisha. Alikuwa ameshavaa kofia yake ya kijani, na aliuliza kama wanavyotakiwa kumuuliza kila mgonjwa, ili pasitokee makosa: ni mguu upi?

Bibi alikuwa bado amekishika kishikwambi. Alikigeuza, akamwonyesha mwanamke aliyesimama katikati ya ukumbi kando ya mumewe, gauni limetulia, kisigino kimoja chini na mguu wa kulia mtupu.

"Huo usio na kiatu," alisema. "Naomba unirudishie ukiwa unacheza."